Msiba Tuliofika Nao Basotu

Tangu nirudi, kila tunapotoka ibadani mnanizunguka pale kwenye ukuta wa kanisa na swali ni lile lile: Mwalimu Veronika, kulitokea nini huko? Wengine mmeona kipande cha video kwenye simu za watoto wenu. Wengine mmesikia kwamba mkwe wetu Mmarekani aliwadanganya watu wa Basotu wakamlilia mtu asiyemhusu. Nimejaribu kusimulia nikiwa nimesimama nikashindwa, maana kila mara mtu hunikatiza kabla sijafika penyewe. Kwa hiyo nimekaa mezani hapa nyumbani Mbulu, mvua inanyesha, niwaandikie tangu tulipoondoka. Habari za tiketi na vibali naziacha. Hizo hazimlizi mtu.

Mnamjua Emiliana, binti wa marehemu kaka yangu. Alikwenda Marekani kusomea uuguzi, akabaki, akaolewa na Terensi. Terensi ni Mmarekani mweusi, mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega. Kazi yake ni kuandaa taarifa ya habari kwenye kituo cha televisheni cha mji wao. Ndoa yao ilifungwa huko bila mtu wa kwetu hata mmoja, na aliyeumia kuliko wote ni Mzee Bura, kaka wa mama yake Emiliana, anayeishi Basotu. Wazazi wa Emiliana walishafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kuulizwa. Hakuulizwa. Akatamka mbele ya watu kwamba mwanamume huyo akifika nyumbani kwake hatapewa hata kigoda. Safari yetu ilikuwa ya kwenda kuomba radhi, na mimi shangazi nilikuwa msemaji.

Mbulu hadi Yaeda Chini

Njia ya Dongobesh ilikuwa imekatwa na maji. Dereva wetu, Amsi, akasema tushuke Yaeda Chini, tupite Masieda, tutokee Haydom. "Mbali kidogo, mwalimu," alisema, "lakini tutafika." Kidogo ya Amsi mnaijua sasa.

Tulikwama bondeni, tope jeusi limemeza magurudumu ya nyuma. Tukashuka. Emiliana alifungua chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, tukala tumesimama huku Amsi akikata matawi ya kutandika. Alipita Mhadzabe mmoja na upinde wake na asali kwenye kibuyu. Alitusalimu, akatukatia kipande cha sega bila kuombwa. Terensi akatafuna kwa furaha, kisha akasimamisha taya, akaniuliza kwa Kiingereza ni kitu gani kinachopasuka mdomoni. Nikamwambia ni watoto wa nyuki. Alimeza kwa heshima kubwa.

Watoto wa wafugaji walikuja kutoka kila upande wakipiga kelele: "Mzungu! Mzungu!" Terensi akageuka nyuma amtafute huyo mzungu. Nyuma yake palikuwa na gari na mbuzi. Akawatazama tena watoto, akaona vidole vinamwelekea yeye.

"Wanasema nini?" aliuliza.

Emiliana alisita. Mimi nilijua Kiingereza cha kufundishia shule ya msingi, na nikaona heri kusema kweli. "Wanakuita mtu mweupe."

Alicheka, lakini mabega hayakutikisika. "Shangazi, kule kwetu haijapita siku nikasahau kwamba mimi ni mweusi. Nikiingia dukani nakumbushwa. Nikiendesha gari nakumbushwa. Nimevuka bahari kuja kwenu, na kitu cha kwanza ninachoambiwa ni kwamba mimi ni mzungu?"

Amsi, mikono yote tope, akataka kujua mgeni anasema nini. Nilipomweleza akatikisa kichwa. "Mwambie hao hawakuangalia ngozi. Wameangalia viatu."

Terensi alipotafsiriwa akatazama viatu vyake, hata hivyo akalisukuma gari navyo mpaka likatoka.

Masieda

Masieda tulilala kwa Bibi Tarsila, mama yangu mdogo, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga tu. Emiliana alikuwa amemfundisha Terensi kusema shikamoo, lakini hakumweleza ni kwa nani, basi akawaamkia watu wote, mpaka watoto wanaochunga ndama. Watoto wakakimbia wakiziba midomo. Bibi Tarsila alimwitikia marahaba, kisha akamvuta kwa mkono akakaa naye kwenye ngozi. Akampapasa uso, masikio, nywele. Hakuwa na haraka.

"Emiliana," alisema mwishowe, "si mliniambia ni Mmarekani? Huyu ni wa kwetu. Ulimfuata mbali hivyo wa nini, na wamejaa hapa Masieda?"

Nyumba nzima ilicheka. Emiliana alimtafsiria mumewe, naye akaomba Bibi arudie, na Bibi akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Terensi akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na akala ugali wa mtama na maziwa ya mgando kama mtu aliyefunga. Nawaambia haya ili mjue alivyokuwa siku hiyo. Kama safari ingeishia Masieda, leo mngekuwa mnaniuliza habari nyingine.

Haydom

Tulifika Haydom mchana. Tangu bondeni simu zetu zilikuwa kimya, hapo zikaanza kulia zote kwa mpigo. Tuliingia mgahawani tukaagiza wali na nyama ya mbuzi. Wakati chakula kinapikwa, mimi na Emiliana tulikwenda dukani kumnunulia Mzee Bura sukari na blanketi, maana haendi mtu kuomba radhi mikono mitupu. Yaliyotokea mgahawani niliyasikia baadaye kwa Amsi.

Terensi alikuwa amefungua simu yake akakuta video. Polisi wa mji wao walikuwa wamempiga risasi kijana mweusi mbele ya duka, kwenye mtaa uleule aliozaliwa Terensi, na mpita njia akarekodi. Terensi alitazama, akaiweka simu kifudifudi mezani. Chakula kilipokuja hakukigusa.

"Shemeji, kuna nini?" Amsi alimuuliza.

Terensi alikusanya maneno machache ya Kiswahili aliyokuwa nayo. "Ndugu yangu amekufa. Polisi wameua."

"Pole sana! Mkubwa au mdogo?"

Terensi alidhani anaulizwa umri wa marehemu. "Mdogo," alijibu. "Mdogo sana."

Amsi alifanya ambalo kila mmoja wenu angefanya. Alitoka nje akampigia Mzee Bura: wageni wako wamefiwa njiani, mdogo wake mkwe ameuawa na polisi huko kwao.

Sisi tulirudi tukamkuta Terensi ndani ya gari, amejifunika uso. Emiliana aliitazama ile video akamshika mkono, akaniambia ni kijana wa mtaani kwao. Nikampa pole. Tukaondoka. Amsi aliendesha bila redio na kila penye bonde alipunguza mwendo kama anayebeba mayai. Nilimwona mstaarabu, kumbe alijua amebeba mfiwa.

Basotu

Jua lilikuwa bado juu tulipoyaacha mashamba ya ngano, yale yaliyokuwa ya serikali na sasa kila kipande kina mwenyewe, tukaliona ziwa. Njia nzima nilikuwa nikirudia kimoyomoyo maneno ya kumwanzia Mzee Bura. Tulipoingia uwanjani kwake nikaona wanawake wamekaa chini wamejitanda kanga, wanaume kwenye mabenchi, sufuria kubwa jikoni.  Nikajua Mzee Bura amefariki.

Lakini alikuwa mzima, anakuja na fimbo yake. Nikashuka wa kwanza nikafungua mdomo. Akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Terensi, akaiangusha fimbo chini, akamkumbatia kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu. Yaliyo kati yetu yatangoja. Pole."

Terensi hakuelewa maneno, ila mikono aliielewa. Alilia kama ambavyo sijawahi kumwona mwanamume analia, na wanawake wakampokea kwa kilio chao.

Baadaye Mzee Bura alisimama kusema, na Emiliana, machozi yakimtiririka, akamrekodi kwa simu. "Mkwe wetu amekuja kwetu mara ya kwanza, na amefika na msiba. Tunampa pole kwa kufiwa na mdogo wake. Hapa hana baba. Baba yake ni mimi." Mimi na Emiliana tulidhani Amsi amempasha habari za yule kijana wa mtaani, na neno mdogo tukaliona la heshima tu. Katekista aliuliza jina la marehemu. Terensi akalitaja: Danti. Tukamwombea Danti.

Emiliana alipanda kilimani, pale panaposhika mtandao, akamtumia wifi yake ile video ya mjomba. Alitaka ndugu zake Terensi waone jinsi alivyopokelewa. Aliniambia akishuka, "Shangazi, mjomba amesema yeye ndiye baba yake!" Aling'aa usoni pamoja na huzuni yote.

Ni wakati wa kula ndipo mama mmoja alipomuuliza, "Na mama mkwe wako anaendeleaje, maskini, kumpoteza mtoto wake wa mwisho?"

Emiliana alinitazama. Tukaelewa wote wawili kwa pamoja. Alipomweleza Terensi, yeye alitaka kusimama palepale awaambie watu. Emiliana akamshika: angoje asubuhi, shangazi aseme na mjomba kwanza, kwa adabu. Nikakubali.

Asubuhi nilimkuta Mzee Bura zizini, ng'ombe bado hawajatoka. Nilimwambia bila kuzunguka. "Mzee Bura, yule marehemu si mdogo wake wa tumbo moja."

"Ni wa baba mdogo?"

"Hapana. Hawakujuana. Ni kijana wa mtaa aliozaliwa."

Alisimama na mkono mgongoni mwa fahali. Nilijiandaa kwa hasira, kwa sababu mbuzi alikuwa amechinjwa na watu walikuwa wametoka mbali.

"Sasa analilia nini?"

"Anasema kule kwao akiuawa mmoja hivyo, kila mmoja anaona angeweza kuwa yeye. Wanaitana ndugu. Neno ni lilelile letu, mzee. Sisi tuliliona la damu."

Akamfungulia fahali. "Mimi nilikaa miaka nikimchukia kijana huyu," alisema, "na jana nilipomshika nilimkuta anatetemeka. Huwezi kuigiza mtetemeko ule. Twende."

Aliwaita watu wote uwanjani. "Nimeelezwa sasa. Marehemu si wa tumbo moja na mkwe wangu, ni wa mtaa wake. Hakuna aliyetudanganya, ni lugha. Kwangu mimi msiba unaendelea. Mwenye kazi zake aende kwa amani." Wachache walichukua fimbo zao wakaondoka, na mmoja aliondoka akinung'unika. Wengi walibaki. Tangazo hilo hakuna aliyelirekodi.

Aliyebaki karibu kuliko wote alikuwa jirani yake, Mzee Gidamis, Mbarbaig mfugaji, ambaye haingii kanisani wala hapendi maneno mengi. Alihamisha kigoda chake akakaa mbele ya Terensi. Mimi nikawa mkalimani.

"Ukoo wa hao waliomuua umekuja kukaa na ukoo wa marehemu?"

"Hapana," Terensi alijibu. "Kwetu hawakai hivyo."

"Wanakaa wapi?"

Terensi alifikiri. "Kwenye televisheni. Upande huu wanakaa hawa, upande ule wale, kila mmoja anawaambia watu wake."

"Wakishasema, wanapatana?"

"Hapana, mzee. Wakipatana, hakuna atakayetazama."

Mzee Gidamis alitema mate pembeni. "Hapa trekta za mashamba ya ngano zililima makaburi ya wazee wetu. Watu wa kamera walikuja, wakatupiga picha tukilia. Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Mpaka leo sijui picha ile ilikwenda wapi, na makaburi hayakurudi." Akamshika Terensi goti. "Lia. Lakini lia na watu unaowaona."

Siku zilizofuata Basotu zilikuwa njema. Tulikula samaki wa ziwani, na Terensi alijifunza kuwapeleka ndama majini. Mzee Bura alimpa kigoda chake mwenyewe.

Katesh

Mzee Bura alisisitiza kutusindikiza mpaka Katesh. Tulipofika lami na mtandao mzuri, simu ya Terensi ililia mpaka ikawa moto.

Ile video ya Basotu, wifi yake Emiliana alikuwa ameiweka hadharani kwa upendo, akaandika chini yake maneno mazuri. Ilisambaa. Kwanza watu weusi kule walilia nayo: tazameni, Afrika inamlilia mtoto wetu. Ulikuwa msimu wa uchaguzi. Mgombea mmoja akaonyesha uso wa Mzee Bura kwenye mkutano wake. Hapo upande wa pili ukashtuka. Wakamtafuta mtu anayejua Kiswahili, akawatafsiria kila neno, na mtangazaji wao mmoja akaanza kucheka kwenye kipindi: "kufiwa na mdogo wake?" Mdogo gani? Mwanahabari amekwenda hadi Afrika, akawadanganya wanakijiji maskini, akatengeneza machozi ya kuleta nyumbani! Sisi wanakijiji maskini tulikuwa tumekaa kwenye baa ya Katesh tunakunywa soda, tunaonyeshwa haya.

Mkuu wa kazi wa Terensi alipiga simu. Kwa nini ulisema ni mdogo wako? Sikusema. Mbona umelia pale? Mwanahabari hachukui upande. Terensi alijitetea kwa sauti ya chini, kisha akasikiliza tu. Akaambiwa asirudi kazini mpaka aitwe. Alipoandika maelezo kwenye simu kwamba lilikuwa kosa la lugha, wale wa upande wake wakamtukana kwa kuomba radhi.

Lakini hayo yote aliyabeba. Lililomvunja ni mama yake Danti. Mtu alimpelekea mama yule kipaza sauti mlangoni kwake, akiwa hata hajazika, akamuuliza kama anamjua huyu anayejiita kaka wa mwanawe. Mama alisema, "Mimi nina watoto wawili. Mmoja ameuawa na mwingine yuko ndani amelala. Huyo simjui. Kwa nini watu wananichukulia mtoto wangu?"

Terensi alirudia maneno hayo kwa Kiingereza mara nyingi, huku anaangalia barabara. "Amesema kweli, shangazi. Hanijui."

Emiliana alijaribu kumshika bega, Terensi akauondoa mkono wake taratibu. "Ni video yangu," Emiliana alisema. "Ningeuliza kwanza." 

Kesho yake asubuhi alifika binti mmoja na mpiga picha. Alikuwa Mtanzania, ametoka Arusha, amekodiwa na watu wa Marekani. Alituamkia vizuri sisi wakubwa. Alimtaka Mzee Bura. Terensi alisema asiongee na mtu. Mzee Bura alishangaa. "Mkwe wangu anaitwa mwongo, na mimi najua ukweli, ninyamaze?" Akavaa koti, akakaa kwenye kiti uani, nyuma yake Mlima Hanang.

Nilikuwepo. Nilisikia kila neno. Binti aliuliza, "Mzee, mliambiwa marehemu ni ndugu yake?"

"Ndiyo, tuliambiwa ni ndugu yake," alisema Mzee Bura. "Nasi tukamlilia. Asubuhi tukaelezwa kwamba si wa damu, kosa ni la dereva na lugha, na mimi mwenyewe niliwatangazia watu. Nikasema msiba unaendelea. Huyu kijana hakutudanganya. Mngekuja siku ile mngetukuta bado tumekaa." Aliendelea hivyo mpaka jua likamfikia usoni, akaeleza na habari ya ndoa, na kigoda, na jinsi alivyomshika anatetemeka. Binti yule alifuta macho. Naamini alipeleka yote.

Tuliagana na Mzee Bura hapohapo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Alimwambia Terensi, "Nimekusafisha, mwanangu."

Babati

Babati tulingoja basi la Arusha kwa sababu Terensi alikuwa amebadilisha safari, anaondoka mapema na peke yake. Emiliana angebaki kwangu kwanza. Walikuwa hawagombani. Laiti wangegombana. Walikuwa wanapeana chumvi na maji ya kunawa kwa adabu, kama wageni waliokutana hotelini.

Tulikuwa tunakula chipsi mayai stendi Terensi aliponyoosha mkono na simu. Tukamwona Mzee Bura, koti lake, mlima nyuma yake. "Ndiyo, tuliambiwa ni ndugu yake. Nasi tukamlilia." Picha ikakatika. Yule mtangazaji akaonekana, amefungua mikono kama mtu asiye na la kuongeza.

"Alisema mengi sana," nilimwambia Terensi. "Nilikuwepo. Alikutetea mpaka akachoka."

"Najua, shangazi."

"Sasa wamewezaje—"

"Pale penye pumzi," alisema. "Baada ya neno la mwisho anavuta pumzi. Unakata hapo. Hiyo ndiyo kazi yangu, shangazi. Nimekata watu hivyo miaka yote. Mtu anaongea nusu saa, nachukua sekunde chache zinazofaa. Wengine walinipigia simu wakilia. Niliwaambia muda haukutosha."

 Niliona chipsi zinapoa. Basi lilipoingia alinikumbatia, akamkumbatia na mkewe, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na Emiliana akamwambia kitu sikioni. Alitikisa kichwa akapanda. Alikaa upande wa pili wa basi, ambako hatukuweza kumwona.

Emiliana alikaa nami hapa Mbulu wiki chache, mlimwona kanisani, kisha naye akaenda. Sasa anaishi kwa rafiki yake, katika mji mwingine. Nikimuuliza habari za mumewe ananiambia, "Yupo, shangazi." Kazini hawakumwita tena.

Basotu tena

Hii ndiyo sehemu ambayo hamkuisikia.

Mwezi uliopita Mzee Bura alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwalimu, njoo. Tunamaliza msiba wa yule kijana." Nilimuuliza kijana gani. "Danti," alisema, kama anayeshangaa kwamba nimeuliza.

Safari hii nilipita Dongobesh, njia imepona. Nilimkuta amekonda. Vijana wenye simu walikuwa wamemwonyesha kile kipande, wakamtafsiria na kicheko cha yule mtangazaji. Mnadani walimwita Mzee wa Televisheni, wengine wakasema amemuuza mkwe wake kwa wazungu, na yule aliyeondoka akinung'unika sasa alikuwa na maneno mengi. Mzee Bura akaacha kwenda mnadani.

"Nilisema sana siku ile, Mwalimu. Ulisikia?"

"Nilisikia, mzee."

"Mkwe wangu alinikataza. Mimi nikaona namsaidia." Akageuza kofia yake mikononi. "Kule Marekani bado wanagombana juu yetu?"

Nilimwambia kweli, kwamba hapana. Lilidumu siku chache, likaja jambo jingine, uchaguzi ukapita. Hakuna anayetukumbuka. Nilidhani itampa nafuu. Haikumpa.

Siku ya kumaliza msiba uwanja ulikuwa mtupu ukilinganisha na mara ya kwanza. Walikuja katekista, mke wa jirani mwingine, Mzee Gidamis na kigoda chake, na Amsi, ambaye alitoka Mbulu pamoja nami na hakula kitu njiani. Kondoo alichinjwa. Katekista alisali kwa ajili ya Danti, na kwa ajili ya mama yake, ambaye hatumjui, wala yeye hatujui sisi. Nani amwambie kwamba huku pembeni mwa dunia kuna watu sita wamenyoa nywele na kuosha mikono kwa ajili ya mwanawe? Angekasirika tena, pengine. Ana haki.

Tulipomaliza, Mzee Bura alisema lazima mkwe aambiwe kwamba msiba umekwisha, asiendelee kuubeba. Yeye hakuthubutu kupiga. Tukapanda wote pale kilimani penye mtandao, polepole kwa sababu ya magoti yetu, nikapiga. Simu iliita mpaka nikataka kuiondoa sikioni. Kisha ikapokelewa.

"Terensi, ni mimi, shangazi Veronika. Niko Basotu, kwa mjomba. Tumemaliza msiba wa Danti leo. Mjomba amesema—"

"Shangazi," alinikatiza, kwa Kiingereza. "Kuna mtu anarekodi?"

Nilitazama huku na huku. Mzee Bura alikuwa ameshika kofia. Mzee Gidamis alikuwa amekaa juu ya jiwe, amelipa ziwa mgongo. Amsi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hapana, baba," nilisema. "Hapana."

Nilisikia pumzi tu.

"Anasemaje?" Mzee Bura aliuliza, ananivuta kitenge. "Mwalimu, anasemaje?"

"Anauliza kama kuna mtu anarekodi."

Mzee Bura alifumba macho. "Mwambie tuko sisi tu," alisema. "Mwambie, Mwalimu. Tuko sisi tu."

Lakini simu ilikuwa imeshakatika.